Zulia jekundu, pazia la zambarau: kuhusu picha yako ya Kijapani ya enzi ya Meiji

Swali: Mwezi uliopita nilitembelea maonyesho ya picha za Kijapani za kuchapwa kwa mbao, za enzi ya Meiji, katika jumba moja la makumbusho hapa London. Chumba kilikuwa na giza mpaka ilibidi ningoje macho yazoee. Wiki iliyofuata nikanunua dukani picha ya karatasi tatu zinazoungana: mabibi waliovaa magauni ya Kizungu, zulia jekundu kabisa, pazia la zambarau. Muuzaji alisema ni kazi ya Chikanobu, "kama 1850 hivi". Rafiki yangu anasema wekundu ule ni rangi ya kiwandani, kwa hiyo ama ni nakala ya juzi, ama ni ya wakati ambapo sanaa hii ilikuwa imeshakufa. Pembezoni kuna madoa ya kahawia, naye amenishauri niioshe kwa maji yenye dawa kidogo ya kung'arishia nguo. Desemba narudi Mombasa, na nilitaka kuitundika sebuleni mkabala na dirisha. Je, nimepunjwa? Na niitunze vipi?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na lisiloweza kungoja. Usiioshe picha hiyo. Usiioshe hata kwa maji matupu, sembuse maji yenye dawa ya nguo. Nyekundu na zambarau nyingi za enzi hiyo huyeyuka zikikutana na maji. Tone moja la mate linatosha kuacha alama. Ukiilowesha, wekundu wa zulia utatambaa hadi kwenye nyuso za wale mabibi, na hakuna fundi atakayeurudisha mahali pake. Dawa ya kung'arishia nayo hudhoofisha nyuzi za karatasi, na masalia yake huendelea na kazi hiyo hata baada ya karatasi kukauka. Madoa tutayarudia.

Sasa suala la kupunjwa. Kwa ulivyoieleza, sioni sababu ya kuishuku picha; ninachokishuku ni tarehe uliyopewa. Chikanobu alizaliwa 1838, kwa hiyo mwaka 1850 alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Tena Japani ya 1850 ilikuwa bado imejifungia. Meli nyeusi za Perry kutoka Marekani zilifika 1853, bandari ya Yokohama ikafunguliwa kwa biashara ya kigeni 1859, na enzi ya Meiji ikaanza 1868, mwaka ambao mji wa Edo ulipewa jina la Tokyo. Magauni uliyoyaona yanatusogeza mbele zaidi. Mwaka 1883 lilifunguliwa Tokyo jumba la Rokumeikan, ambamo wakuu wa serikali walicheza dansi na kuwakirimu wageni kwa desturi za Kizungu, na mwaka 1886 mke wa Mfalme Mkuu alianza kuonekana hadharani kwa gauni. Kuanzia hapo Chikanobu alichora mabibi wa magauni kwa wingi, kwa sababu ndiyo habari mpya ambayo watu wa mjini walitaka kuinunua. Ningekisia picha yako ni ya kati ya 1886 na 1890.

Lakini huna haja ya kukisia, maana huenda tarehe umekaa nayo ndani ya nyumba. Kuanzia katikati ya miaka ya 1870 sheria ya Japani iliwataka wachapishaji waandike kwenye kila picha tarehe ya kutolewa, pamoja na jina na anwani ya mchoraji na ya mchapishaji. Tazama ukingo wa kushoto au wa kulia wa kila karatasi, nje ya mstari wa picha, au ndani ya kisanduku chembamba kilichosimama. Utaona safu ya herufi ndogo sana. Tafuta herufi mbili hizi zikifuatana kutoka juu kwenda chini: 明治, yaani Meiji. Zinazofuata ni namba, kisha herufi 年, yaani mwaka. Namba ni hizi: 一 ni 1, 二 ni 2, 三 ni 3, 四 ni 4, 五 ni 5, 六 ni 6, 七 ni 7, 八 ni 8, 九 ni 9, 十 ni 10, na ishirini huandikwa 二十 au kwa mkato 廿. Ukishaipata namba, jumlisha 1867. Ukikuta 明治廿年, huo ni mwaka wa 20 wa Meiji: 20 na 1867 ni 1887. Baada ya mwaka hufuata mwezi (月) na siku (日). Mara nyingi kando yake kuna 御届, maana yake picha imearifiwa serikalini.

Usipokuta ukingo wowote, usikate tamaa. Wanunuzi wa zamani walikuwa na mtindo wa kuzipunguza picha pembeni ili zienee kwenye albamu, na tarehe ikaondoka na makombo. Hilo hupunguza thamani, lakini halifanyi picha kuwa ya bandia.

Kuhusu rangi, rafiki yako amegusa jambo la kweli kisha akalivuta upande usio wake. Ndiyo, wekundu wa namna hiyo kwa kawaida unatokana na rangi iliyoingizwa kutoka nje. Lakini rangi hizo ziliingia Japani wakati huohuo tunaouzungumzia, kwa hiyo kuziona kwenye picha ya miaka ya 1880 ndilo jambo la kutarajiwa. Ningeshtuka zaidi kama zisingekuwepo.

Kabla ya hapo mchapaji wa Edo alipata nyekundu yake kutoka kwenye ua la beni, buluu kutoka kwenye nili au kwenye ua dogo la porini linaloitwa tsuyukusa, njano kutoka kwenye manjano yaleyale tunayotia kwenye mchuzi, na nyekundu ya udongo kutoka kwenye kutu ya chuma. Zambarau aliipata kwa kupaka beni juu ya buluu, na ndiyo maana zambarau za kale leo zimebaki kama majivu au kahawia: mmoja wa wenzi wawili amefifia, au wote. Rangi ya kigeni ya kwanza kuleta mageuzi makubwa ilikuwa buluu ya Prussia, iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 na kuenea kwa wachapaji wa Edo karibu na 1830. Ndiyo buluu ya lile wimbi kubwa lililochorwa na Hokusai, bwana maarufu wa picha hizi. Hakuna anayesema wimbi lile ni nakala ya juzi kwa sababu buluu yake ilitoka Ulaya.

Kisha zikaja rangi za maabara. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza, William Perkin, alipata zambarau kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe, na baada yake viwanda vya Ulaya vikamwaga sokoni rangi moja baada ya nyingine: zambarau ya methili mwaka 1861, eosini nyekundu kutoka Ujerumani mwaka 1874. Wachapaji wa Tokyo walizipokea kwa shauku. Uchunguzi wa maabara kwenye picha za Meiji umezikuta zote mbili. Umekuta pia kwamba nyekundu nyingi za mwanzo wa enzi hiyo, ambazo kwa muda mrefu ziliitwa "anilini", yaani rangi za maabara, bila kupimwa, ni karmini, rangi inayotolewa kwa wadudu wadogo wanaoishi kwenye mpungate huko Amerika. Kwa hiyo hata neno "ya kiwandani" si la kulitamka kwa kutazama tu.

Na wekundu ule ulikuwa na maana. Matofali ya mtaa wa Ginza uliojengwa upya baada ya moto wa 1872, treni ya kwanza kati ya Shimbashi na Yokohama mwaka huohuo, mazulia, bendera, machweo: wachoraji waliupaka mahali penye dunia mpya. Ukiiona picha ya Hiroshige wa Tatu yenye mbingu nyekundu juu ya reli, hapo mchapaji hakushindwa kupata rangi ya mbingu. Anamwambia mnunuzi kwamba hizi ni nyakati nyingine.

Hilo la "sanaa imeshakufa" nalipinga kwa moyo wote. Yoshitoshi alianza mfululizo wake wa picha mia moja za mwezi mwaka 1885 na kuumaliza 1892, mwaka aliofariki. Kiyochika, kati ya 1876 na 1881, aliichora Tokyo ya usiku, yenye taa za gesi na mvua barabarani, kwa namna ambayo hakuna bwana wa Edo aliyeijaribu. Nawe unaye shahidi nyumbani. Chukua lenzi, tazama mahali nywele za bibi mmojawapo zinapoanza kwenye paji la uso. Kila unywele ni ukuta mwembamba wa mti wa mcheri uliobakizwa na mchongaji baada ya kuondoa mbao pande zote mbili. Wachongaji wa Meiji walikuwa miongoni mwa hodari kabisa waliowahi kushika patasi ya kazi hii. Kilichowaondolea riziki ni picha za kamera, uchapaji wa mawe na magazeti. Vita vya Japani na China vya 1894 hadi 1895 viliwapa soko kubwa la mwisho, kisha likaporomoka.

Lenzi hiyohiyo, ya kukuza mara 10, ndiyo itakayokujibu kama picha imechapwa kwa mbao kweli. Nakala za mashine za karne ya 20 zimeundwa kwa vitone vidogo vilivyopangwa safu kwa safu, kama picha ya gazetini. Ukiona vitone hivyo kwenye ngozi ya uso au kwenye anga, shauri limekwisha. Picha ya mbao haina vitone: rangi imelala kama doa moja lililozama kwenye nyuzi, na ukibahatika utaona mistari ya ubao wenyewe. Sababu iko kwenye namna inavyofanywa. Kila rangi ina ubao wake. Mchapaji hupaka ubao rangi iliyochanganywa na uji mzito kidogo wa unga wa mchele, hulaza juu yake karatasi yenye unyevu akifuata alama mbili zilizochongwa pembeni ili rangi zisipishane, kisha husugua mgongo wa karatasi kwa bareni, kisahani bapa kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Msuguo huo huisukuma rangi ndani. Ndiyo maana ukiigeuza picha halisi utaiona sura yake kwa nyuma, kama nguo iliyovaliwa nje-ndani, na ukiinamisha taa pembeni utaona michirizi ya bareni ikizunguka. Mahali rangi mbili zimepishana kwa nusu milimita, furahi. Hiyo ni alama ya mkono. Pima pia kila karatasi. Ukubwa wa kawaida ni kama sentimita 36 hadi 37 kwa 24 hadi 25, pungufu kidogo ikiwa ukingo umekatwa.

Kuna nakala zilizochongwa upya kwa mbao, hasa za Hokusai na Hiroshige, ambazo lenzi haitazigundua. Kwa mabibi wa Chikanobu hatari hiyo ni ndogo, kwa kuwa picha hizi zilitolewa kwa wingi na bei yake haikuwa ya kumshawishi mtu achonge mbao upya.

Ulipokuwa unaitazama nyuma, nadhani umeona kitu kingine: zambarau ya upande ule ni kali kuliko ya mbele, maana mwanga haukuifikia. Hapo ndipo linapopatikana jibu la giza la makumbusho.

Nyeusi ya picha hizi ni masizi, na masizi hayajali mwanga. Buluu ya Prussia na nyekundu ya kutu ni punje za madini, nazo zina ustahimilivu mkubwa. Lakini eosini na zambarau ya methili ni molekuli zilizoyeyuka na kuzama kwenye nyuzi moja moja. Mwanga unapozipiga hukata viungo vilevile vinavyozipa rangi, na kiungo kilichokatika hakirudi. Hakuna dawa, hakuna kupumzisha gizani, hakuna fundi. Van Gogh, mchoraji wa Kizungu na mpenzi mkubwa wa picha hizi za Kijapani, alitumia nyekundu ya eosini kwenye mawaridi aliyoyachora 1890. Yalikuwa ya waridi kweli, leo yanakaribia weupe. Na hiyo ilikuwa rangi nzito ya mafuta. Kwenye karatasi yako kuna utando tu.

Wahifadhi huhesabu mwanga kama mtu anavyohesabu matumizi ya fedha ambazo hazitaingia tena. Kwa karatasi yenye rangi dhaifu kiwango cha kawaida ni luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na picha hutolewa kwa miezi mitatu au minne kisha hurudi kwenye boksi kwa miaka kadhaa. Piga hesabu: luksi 50 kwa saa 8 kwa siku 90 ni 36,000. Sebule yenye dirisha zuri hufika luksi 1,000 kwa urahisi. Saa 8 ni 8,000 kwa siku, yaani matumizi yote ya maonyesho yale yamekwisha kwa siku nne na nusu. Jua lenyewe la mchana, lenye luksi zinazokaribia 100,000, huyamaliza kwa dakika ishirini na kitu. Kwa hiyo ukutani mkabala na dirisha, hapana.

Utaambiwa ununue kioo cha kuzuia miale ya urujuanimno, au taa za LED. Nunua, vinasaidia. Lakini mwanga tunaouona kwa macho nao hufifisha eosini; kioo hicho hupunguza kasi tu. Mtu anayekuuzia kwa ahadi kwamba sasa unaweza kutundika popote anakupotosha.

Mombasa huongeza adui wa pili. Karatasi hizi hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Pwani mara nyingi hupita 70, na kuanzia 65 hivi kuvu hupata nafasi. Kuvu hula gundi ya ngozi iliyopakwa kwenye karatasi pamoja na shabu ili rangi isitambae, na madoa ya kahawia uliyonayo huenda ni kazi yake ya zamani. Yanaweza pia kuwa yametoka kwenye kadibodi ya bei rahisi iliyowahi kuifunika picha: asidi yake huchoma karatasi na kuacha mstari ulionyooka kufuata tundu la fremu. Mstari ulionyooka ni asidi. Vitone vilivyotawanyika ni kuvu au chembe za chuma. Yote mawili yanaweza kutulizwa kwa kuondoa chanzo, bila kugusa picha.

Ningekushauri hivi. Piga picha nzuri ya kamera, ichapishe kwa ukubwa uleule, na hiyo ndiyo ikae sebuleni mwaka mzima. Ya asili ilaze kwenye boksi lisilo na asidi, kila karatasi ndani ya folda ya karatasi isiyo na asidi, kabatini katika chumba cha ndani, mbali na sakafu. Weka kipima unyevu kidogo na pakiti za silika jeli, uzikaushe au kuzibadilisha zikishiba. Usiifungie kwenye plastiki, maana unyevu ukiingia hautoki. Fungua kila mwezi, utazame kama kuna kuvu, mende au mchwa.

Ukiona uchungu kuificha, na nakuelewa, itundike kwa wiki chache kila mwaka, wageni wakija au sikukuu. Iwe kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua. Ukuta wa nje wa mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, kwa hiyo uepuke, na nyuma ya fremu bandika vipande vya koki vya sentimita 1 ili hewa ipite. Kiyoyozi kinachowashwa jioni na kuzimwa usiku ni kibaya kuliko kukosa kiyoyozi, kwa sababu karatasi hutanuka na kusinyaa kila siku.

Fundi wa fremu aelezwe mapema. Kadibodi iwe ya pamba tupu isiyo na asidi. Picha ishikiliwe juu kwa vishikio viwili vidogo vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, pande nyingine zibaki huru. Kioo kisiiguse, kiache nafasi ya milimita 3 au 4. Selotepu isikaribie kabisa: gundi yake hugeuka njano, huzama, na kuitoa ni kazi ya gharama.

Kuna mambo ya kumpelekea mhifadhi wa karatasi ana kwa ana, na ningeyamaliza London kabla ya safari, maana huko ni rahisi kumpata. Nenda ukiona manyoya ya kuvu, ikiwa karatasi tatu zimegundishwa kwa pamoja au kwenye ubao, ikiwa kuna selotepu ya zamani, au ikiwa madoa yanaendelea kukua. Muulize kama amewahi kushughulikia rangi za Meiji, na kama atajaribu kila rangi kwa tone dogo chini ya hadubini kabla ya kufanya lolote lenye maji. Akisema ataiosha tu, mshukuru na uondoke na picha yako. Mhifadhi mzuri huenda akakuambia madoa yaachwe yalivyo, na nakubaliana naye: doa pembeni linavumilika kuliko zambarau iliyohama.

Kwenye ndege ibebe mkononi, ikiwa imelala kati ya kadibodi mbili ngumu zisizo na asidi. Usiikunje wala kuiviringisha kwenye bomba. Na popote utakapoipeleka, kwa fundi wa London au wa Mombasa, mwambie kabla hajashika mkasi kwamba ukingo wenye zile herufi ndogo usikatwe hata milimita moja.